Mchukuzi Hapimwi Akiwa Amekaa

Mwaka wa hamsini na tatu chama chetu cha wakulima wa mpunga pale Kibiti kilikuwa na redio moja, na redio hiyo ilikuwa na tabia ya kufa katikati ya maneno. Ukiiwasha, inasalimu na kuitaja Dar es Salaam kwa madaha ya bwana harusi. Dakika kumi hazijatimia, sauti inazama kama ya mtu anayesinzia, kisha kimya. Mzee Dadi, aliyekabidhiwa kuitunza, aliitoa betri yake, nzito kama tofali, akaianika juani juu ya mkeka, kando ya dagaa. Ndivyo tulivyozifanya betri za tochi sote: ikichoka, ianikwe. Jioni ikirudishwa inaamka, inasema mawili matatu, inalala tena.

Tulicheka wiki mbili. Kisha Bi Johari akapata barua.

Binti yake Mwamvua aliolewa Dar es Salaam, na huko aliingia katika kikundi cha akina mama waimbaji. Barua ilisema kwamba Alhamisi, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, watapigwa redioni, na kwamba yeye ameimba wimbo wa kupepetea mpunga aliofundishwa na mama yake. Hakusema watapigwa wa ngapi. Bi Johari hakuwa ameisikia sauti ile miaka minne. Goti lake halikukubali tena kupanda lori. Jumatatu alikuja chamani kwa mkongojo, akaketi, akamuuliza Dadi jambo moja tu: hilo sanduku linaweza kukaa macho saa nzima?

Dadi akakohoa, akanitazama mimi.

Nilitazamwa kwa sababu niliitwa Kibwana Simu. Jeshini, katika Keya ya Waingereza, nilibeba mtambo wa simu ya upepo toka Mombasa hadi misitu ya Burma. Kubeba niliruhusiwa. Kuufungua, hapana, kipimo kilikaa mfukoni mwa sajini, naye alikuwa akitugeuzia mgongo kila akipima. Sijasahau mgongo ule. Kurudi kwangu sikuja na shamba tuliloahidiwa gatini tukipanda meli, nilikuja na nusu ya kitabu cha umeme kilichokosa jalada, na vipande vya mtambo mbovu nilivyovificha ndani ya blanketi. Kitabu nilikisoma miaka saba, neno kwa neno, kwa kamusi ya kuazima.

Basi Jumanne nikaichukua betri, ingali na joto la jua, tukaenda dukani na Dadi. Duka lilikuwa la wakala wa mjini, na karani wake aliitwa Swalehe, kijana wa kalamu mbili kifuani. Alitoa kipimo cha mduara kama saa ya mfukoni, akagusisha nyaya mbili. Mshale ukaruka, ukasimama kwenye volti tisini, namba ile ile iliyoandikwa kwenye ganda.

Swalehe akasema betri ni nzima kuliko sisi tulioileta. Redio yetu ndiyo mbovu, au tunaiwasha ovyo, maana watu wa mpunga wakipata kitu hawajui kukizima. Wanunuzi wakacheka. Nami, nitasema kweli, niliamini, kwa kuwa niliuona mshale kwa macho yangu. Nilirudi nikamwambia Bi Johari kwamba betri haina kosa.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Aliniuliza walimpimaje huyo mgonjwa, nami nikamweleza: amelazwa juu ya kaunta, akaguswa, akaonekana ana nguvu zote.

"Amelazwa," akasema. "Hakubebeshwa kitu?"

"Hakubebeshwa, Bi mkubwa."

Ndipo akanikumbusha marehemu mumewe, aliyekuwa nyapara wa wakata mikoko huko Salale. Vijana walikuja kutafuta kazi wakiwa wamejipaka mafuta, vifua mbele. Nyapara hakuwatazama vifua. Alimtwika kila mmoja boriti mbichi, akamwambia aivushe kwenye tope mpaka pwani. Wapo waliofika wakiimba. Wapo walioanza kutetemeka hatua ya tano, kwa sababu nguvu yote iliishia ndani, katika kuyasimamisha magoti yao wenyewe. Ya kubebea boriti haikubaki.

"Mchukuzi hapimwi akiwa amekaa, Kibwana. Wewe umesoma, lakini umesahau tope."

Nilisimama pale na mchele wake miguuni nikaona aibu, halafu nikaona raha, raha ya mtu aliyetafuta ufunguo miaka saba kumbe anao shingoni. Lilikuwamo kitabuni! Ukurasa mzima niliupita nikidhani ni hesabu za kuwapendeza wazungu: kwamba kila betri ina kizuizi chake cha ndani, kinachokula umeme wake kabla haujatoka mlangoni. Ikiwa haina kazi, hakuna kinacholiwa, na mshale unasimama wima. Ipe kazi, ndipo utajua. Kumbe sisi nasi tulikuwa tukimsaidia Swalehe: tunaipasha betri jua, tunaipumzisha, tunampelekea ikiwa mbichi kama kijana aliyejipaka mafuta.

Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri nilimwomba jumbe aje dukani. Akaja, na nyuma yake nusu ya Kibiti, na nyuma yao Bi Johari juu ya kitanda cha kamba, kabebwa na wapwa zake wanne kama bibi harusi. Mara hii betri haikuanikwa.

Nilimwomba Swalehe apime. Akapima kwa madaha: mshale chini kidogo tu ya tisini. Akamwonyesha jumbe. Nikamwambia azishike nyaya hapo hapo, asiziondoe. Kisha nikatoa kijiti changu cha udongo, kidogo kuliko kidole, chenye mistari ya rangi. Jeshini kikiitwa rezista. Mstari wa chungwa, mweusi, mwekundu: kizuizi cha omu elfu tatu, mzigo sawa na ule wa redio yetu. Nikakifunga juu ya vichwa viwili vya betri.

Mshale ukaanza kushuka. Haukuanguka, uliteremka kama mzee anayetafuta kiti, ukapita themanini, ukapita sabini, ukaketi kwenye sitini.

Watu wakasogea karibu. Nikawaeleza kwa sauti ya sokoni: tisini imeahidiwa, sitini imefika, thelathini imeliwa humo ndani. Kijiti changu kimepata sitini kwa omu elfu tatu. Aliyekula nusu ya hiyo ana nusu ya omu hizo. Humo ndani mna mlaji wa omu elfu moja na mia tano. Nikaongeza kwamba nawajua wengine waliosimama kwenye tisini siku ya kuhutubia. Jumbe akakohoa, nikaachia hapo.

Swalehe hakuwa mjinga. "Kijiti chako kinanyonya, mzee," akasema. "Ukikifunga juu ya betri yoyote mshale utashuka."

Lilikuwa neno zuri, na watu wakageuka kunitazama mimi. Nikamwambia kweli, basi atoe nyingine tuone. Akatoa moja ya rafuni. Ikashuka hadi sitini na mbili. Akatabasamu. Hapo Bi Johari akasema toka kitandani kwake, polepole, kwamba jana alimtuma mpwa wake kununua chumvi, na mpwa aliona kasha la betri chini ya kaunta, limefunikwa gunia.

Swalehe akasema lile ni la Bwana Misitu, ofisa wa serikali, si la kuuzwa kwa wenyeji.

"Hatununui," jumbe akasema. "Tunapima."

Kasha likafunguliwa. Nilishika kijiti mwenyewe, haraka, kwa maana saa ilikuwa tisa na nusu. Mshale ulisimama tisini. Nikabana. Ukashuka mpaka themanini na nane, ukakaa. Nikahesabu mpaka mia moja. Kijiti kikapata moto kikaniunguza vidole, mshale haujatikisika.

Kicheko kilianza kwa akina mama, kikazunguka duka, kikampata hata Swalehe, masikini, aliyekuwa akiiuza mizoga ile bila kujua kwamba ni mizoga. Aliyejua ni wakala aliyemletea, akampangia lipi liende rafuni na lipi lifichwe. Jumbe akaamuru betri yetu ibadilishwe kwa ile ya kasha, na Bwana Misitu akitaka maelezo aje kwake. Sijawahi kumpenda jumbe kabla ya siku ile wala baada yake, lakini siku ile nilimpenda.

Kitanda cha kamba kilikimbia. Saa kumi na dakika tano Dadi aliwasha. Tukasikiliza habari za pamba, tukasikiliza mtu akisoma salamu, tukasikiliza kasida, na sanduku halikusinzia. Saa kumi na nusu ikapita. Kisha makofi ya akina mama, na juu yake sauti moja nyembamba ikaingia, ikiupepeta mpunga.

Bi Johari alifumba macho. Hakulia. Kwenye ubeti wa pili aliinua kidole.

"Anavuta pumzi pale pale," akasema. "Nilimkataza tangu mdogo."

Akaanza kumwitikia. Wanawake wa kijiji cha Ruaruke waliokuja mnadani siku ile wakaupokea mlangoni, wenye nyungo wakazipiga, na wimbo ukawa mkubwa kuliko sanduku. Swalehe alikuja akasimama nje, kipimo mkononi. Dadi akamsogezea mkeka, ule ule wa dagaa, akamwambia akae, lakini asijidhanie mzima kwa sababu amekaa.

Wimbo ulipokwisha Dadi alitaka kungoja unaofuata. Bi Johari akamshika mkono.

"Izime, umtue mchukuzi mzigo kwanza," akasema. "Amefika pwani akiimba. Sijui Alhamisi ijayo watampiga Mwamvua tena?"