Sakafu Isiyo na Kiroboto

Hapa Uriri watu walikuwa wakisema kwamba nyumbani kwetu unaweza kulala chini bila mkeka, nami sikuwabishia. Kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, mimi na mama mkwe wangu, Bochaberi, tulisiriba sakafu kwa udongo na samadi. Si udongo wowote. Ulitoka nyuma ya ghala kuukuu la chama cha pamba, lililobaki kuta tu tangu watu walipoacha kulima pamba. Nilipoolewa, hilo ndilo jambo la kwanza Mama alilonionyesha, akinishika mkono kama anayenipeleka kwenye dhahabu. Nyumba iliyosiribwa kwa udongo ule haikuwa na kiroboto wala funza. Hata sisimizi waliishia mlangoni wakageuka kurudi.

Kisha akaja Metrine, dada wa serikali anayepima kemikali za zamani, zile zisizooza. Alipita boma kwa boma akinunua mayai ya kuku wa kienyeji na kuyafunga kwenye karatasi ya foili. Nilimwuliza kwa nini mayai. Akasema kuku humfanyia kazi: anadonoa kila mahali kutwa, na kemikali anazookota zinaenda kukaa kwenye mafuta ya kiini. Nikampa mayai, nikamsahau.

Alirudi mvua zilipoanza, mikono mitupu. Alikaa kitini akimtazama mwanangu Bravin anavyotambaa, chai ikampoa mkononi.

"Mama Bravin, kuku unapulizia dawa gani?"

"Sipulizii kitu. Kwani?"

"Mayai yako iko na DDT mingi, ile dawa ya zamani ya kuua wadudu. Kuna boma zingine chache pia, lakini yako imezidi. Sijaona kama hii."

Niliudhika, sitaficha. Mtu anakunywa chai yangu na kuniambia kwangu kuna sumu. Nikamwambia akaitafute kwa wanaolala nyumba moja na mbuzi. Alikuwa akitazama kona ya jikoni. Kuku wangu mwekundu alikuwa akidonoa pale siribo lilipobanduka, na Bravin ameshafika kando yake. Alikuwa na kipande cha udongo mkononi, anakipeleka mdomoni. Metrine alikiwahi.

"Hii mchanga ya kusiriba mnatoa wapi?" akauliza polepole.

Mama alimjibu kutoka mlangoni, kifua mbele. "Huko kwa ghala ya pamba. Hiyo ndiyo mchanga mzuri. Funza hawezi kuguza hii nyumba."

Metrine alituomba tumpeleke. Nyuma ya ghala alivaa glavu, akachimba kidogo, akatuonyesha mstari mweupe chini ya mizizi ya nyasi. Chama kilikuwa kikiweka pale magunia ya unga wa kuua wadudu wa pamba, alisema. Serikali ilipoupiga marufuku mashambani, magunia yakaachwa papo hapo.

"Gunia imeoza," akasema. "Paa imeanguka. Wenye chama wengi wamezikwa. Hii bado iko."

"Lakini dawa huisha nguvu," nikasema. "Ya dukani tukipuliza leo, wiki ijayo mbu wamerudi."

"Hii ni ngumu, inakaa miaka na miaka. Na ingine inapanda na hewa, inatembea. Wameipata kwa mafuta ya wanyama wa kule kwa barafu, mahali hakuna mtu amewahi kupanda pamba."

Ghala lile lilifungwa kabla sijazaliwa, kabla hata Monari, mume wangu, hajazaliwa. Mvua zote zilizonyesha Uriri tangu hapo zilikuwa zimeupita unga ule na kuuacha. Ukasubiri. Ukaingia kwenye karai letu, ukalala kwenye sakafu yetu, ukaendelea na kazi yake ya kuua wadudu kwa ajili ya watu wasiojua hata maua ya pamba yana rangi gani. Nilistaajabu kwanza. Ndipo nikakumbuka mkono wa mwanangu, na mshangao ukawa hofu.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Siwezi kukudanganya ati najua. Anaonekana mzima. Endelea kumnyonyesha, usiache. Mayai muache, na hospitali wawe wanamwangalia. Lakini kila siku akitambaa hapo, anaongeza."

Mama aliuliza boma zile zingine ni za nani. Metrine alipozitaja, Mama aliketi kwenye nyasi. Zote zilikuwa za wake wa ukoo wetu.

"Hao wote," akasema, "ni mimi niliwashika mkono nikawaleta hapa."

Ijumaa ile hatukusiriba. Mama alikwenda kwa kila mmoja wao, peke yake, akawaambia kwa mdomo wake. Jumatatu watu wa Metrine walileta barakoa, glavu na mapipa ya chuma. Bravin alipelekwa kwa shangazi yake. Tukalowesha sakafu vumbi lisiruke, tukaikwangua hadi tukafika udongo mwekundu. Mama aliwauliza kwa nini wasichimbe shimo wakaufukia udongo tuliokwangua.

"Kufukia ni kuificha tu, Mama," Metrine akasema. "Itangoja kwa pipa mpaka ipelekwe kwa tanuru kali yenye inaweza kuivunja."

Ghala likazungushiwa ua wa waya. Sisi tukasiriba upya kwa udongo wa mtoni, nami nikaanza kuiangalia sakafu yangu kama mtu anavyomwangalia mgonjwa.

Asubuhi moja Bravin alikuwa chini anakula ugali, makombo yametapakaa. Sisimizi walitokea mlangoni, msururu mwembamba. Nikaacha kuosha vyombo. Walifika pale walipokuwa wakigeuka siku zote, wakasita, wakaingia. Wakapita kona ile ya jikoni, wakafika kwenye mguu wa mwanangu, wakabeba kombo, wakarudi nalo wazima.

Nilimwita Mama. Alikuja na ufagio, akawaona, akauegemeza ukutani. Tulikaa kizingitini tukiwatazama wakiingia na kutoka, na Mama akalia.