Kengele ya Mauzo

Katika ukumbi wa kampuni moja ya bima ya mazishi mjini Medellín, wauzaji walikaa upande wa madirisha na wapokea simu za misiba upande wa choo. Ukuta wa kuwatenga haukuwapo. Muuzaji akimnasa mteja, aligonga kengele ya shaba na wenzake wakampigia makofi. Upande wa pili Maryori Cataño alimwambia mjane kwenye simu, "Pole, mama. Hebu rudia, sikukusikia." Mjane alirudia, kengele ikalia tena, akachoka akakata simu.

Mume wa mjane huyo, Don Eliécer Tabares, alikuja mwenyewe Jumanne saa ya kahawa, amevaa suti, pamba puani. Alieleza kwamba mkewe amekuwa akipiga simu tangu jana na yeye bado amelazwa juu ya meza ya chakula, na watu wanataka kula. Maryori alimwomba radhi, akaagiza gari.

"Utakunywa kahawa, Don Eliécer?"

"Asante, binti. Daktari alinikataza."

Baada yake walikuja wengine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na marehemu hawa walijiinamia wenyewe. Waliwekewa benchi karibu na birika la kahawa, wakaombwa wasiegemee ukuta uliopakwa rangi juzi.

Maryori alikwenda kwa bosi, ambaye wote walimwita Daktari ingawa hakuwahi kutibu hata kikohozi.

"Daktari, tunaomba ukuta. Hata wa mbao."

"Ukuta utaua ari ya watu, mpenzi. Halafu tazama, wateja wanakuja kwa miguu yao."

Wilmar, bingwa wa kuuza, alidakia, "Wewe baki na wafu wako, Maryori. Sisi tuachie furaha."

"Furaha yako inaingia masikioni mwa watu wanaolia."

"Basi walie kwa sauti."

Watu walicheka, na Maryori aliwachukia wote kwa siku nzima. Alikuwa na hofu yake. Mama yake, Doña Ligia, alikuwa mgonjwa nyumbani kule Bello, akiuguzwa na Luz Dary, dada yake Maryori. Simu za mkononi zilifungiwa kabatini mlangoni, kwa hiyo habari yoyote ya nyumbani ingepitia laini ileile ya misiba. Tangu utotoni Maryori hakuwahi kutoka nyumbani bila mama yake kumpa baraka. Ijumaa ya juma hilo alimkuta amelala, akaona vibaya kumwamsha, akaondoka hivyohivyo.

Kabla ya chakula cha mchana simu yake iliita.

"Maryori, ni mimi. Mama anataka..."

Wilmar alikuwa ameuza bima ya familia nzima, pamoja na bibi. Kengele ililia na ukumbi mzima ukasimama.

"Luz Dary, sema kwa nguvu!"

Alisikia makofi, na ndani ya makofi kitu kama pumzi, kisha simu ikakatika. Alipiga tena, haikupokelewa.

Aliinua macho. Mwisho wa benchi alikaa Doña Ligia, mkoba magotini, nywele zimechanwa kama za kwenda misani. Maryori alimfuata amlete mbele.

"Hawa wamenitangulia, mwanangu," mama alisema. "Nitangoja zamu yangu."

Aliingoja. Ilipofika, alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Dada yako aliniwekea simu mdomoni. Nilikuwa nimebakiwa na pumzi kidogo, nikakupa baraka yako. Uliisikia?"

"Sikuisikia, mama."

"Nilidhani wewe ndiye unayepigiwa makofi. Nikafurahi."

"Alikuwa Wilmar."

"Haya. Inama."

Maryori aliinama. Doña Ligia aliinua mkono na kufungua kinywa, na upande wa madirisha mtu akagonga kengele. Midomo ya mama ilikwenda taratibu mpaka mwisho, kisha mkono ukashuka. Wauzaji waliendelea kushangilia.

Maryori alikaa wima, akajifuta uso, akamwuliza, kama alivyomwuliza kila marehemu, anwani ya kupeleka gari.