Punda Hafi

Karatasi ya kwanza ya Namba Kumi na Tisa ilikuwa na kosa, na Felicitas hakuwa mtu wa kuona kosa akalipita.

Alikuwa amekagua vipimo na mizani kwa miaka thelathini na mmoja, kuanzia Ishiara hadi Maua, mawe yake ya mizani yakiwa ndani ya sanduku la mbao. Wachinjaji wa Majengo walikuwa bado wanasimama wakimwona, ingawa alistaafu miaka minne iliyopita. Siku hizi kilichomleta Majengo kilikuwa vitabu. Mkabala na bucha ya Jama, Rahmo alikuwa na duka la kukodisha vitabu, chumba kimoja chembamba chenye mlango mmoja, rafu kushoto na kulia, na katikati nafasi ya mtu mmoja kupita akijibana. Rafu iliyochakaa zaidi ilikuwa ya riwaya za zamani zenye kicheko: hadithi za enzi za babu na nyanya, zilizoandikwa kwa vitabu vinne, sita, hata kumi, ambazo mtu akimaliza kimoja anataka kinachofuata kabla ya Jumapili.

Rahmo alikuwa na utaratibu wake. Kila mwenye kadi alipewa namba, na jina lake likabaki siri ya Rahmo. Ukirudisha kitabu, unaandika kwenye karatasi ndogo ushauri wako kwa wasomaji wengine, unatia namba yako, unatumbukiza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Yeye huzibandika karatasi hizo ndani ya majalada. Mwanzoni alijaribu kundi la WhatsApp lenye majina. Wiki ya tatu lilikuwa limejaa maombi ya asubuhi na matangazo ya vifaranga, na walimu wawili waliokuwa marafiki hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya riwaya moja ya mapenzi. Namba zilimaliza hayo yote. Masharti yalikuwa matatu, yameandikwa kwenye kipande cha katoni: usitaje jina, usitoboe mwisho, na kila mwaka pendekeza mfululizo mmoja, la sivyo kadi yako inakufa.

Felicitas, ambaye ndiye Namba Saba, alikuwa hajapendekeza chochote. Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Mapendekezo mengi aliyaona hayana uzito. Namba Tatu, kwa mfano, aliandika kila mara, "Kitamu sana, soma," maneno ambayo yangefaa kitabu chochote na hata sahani ya mukimo.

Kumi na Tisa aliandika hivi: "Ukipenda historia lakini hutaki kulia, chukua Posta ya Punda, vitabu sita. Ni habari za tarishi mwanamke anayepeleka barua kati ya Embu na Meru miaka ya thelathini, kwa punda anayekataa kuvuka mito. Barua zote zinachelewa, na kila inayochelewa inamwokoa mtu. Anza na kitabu cha pili, maana cha kwanza kinajikokota kuliko huyo punda. Kosa ni moja: katika cha pili, ukurasa wa 41, mwenye duka anapima kifurushi kwa mizani ya springi ya kuning'inia. Sidhani mizani hiyo ilikuwako mwaka 1932."

Ukutani sebuleni kwa Felicitas ilining'inia mizani ya springi yenye uso wa shaba, aliyoipata zamani kwenye duka lililokuwa linafungwa Ishiara. Chini ya uso ule uligongwa mwaka: 1928. Alikichukua kitabu cha pili kwa ajili ya ukurasa wa 41 tu. Alipoinua macho alikuwa ukurasa wa 160, chai imepoa, na alikuwa amecheka kwa sauti mara mbili ndani ya nyumba isiyo na mtu mwingine. Punda huyo aliitwa Hakimu.

Aliporudisha aliandika: "Mizani ya springi ilikuwako zaidi ya karne moja kabla ya 1932. Mwandishi yuko sahihi. Namba Kumi na Tisa apime kabla ya kusema."

Wiki iliyofuata alikuta jibu. Kumi na Tisa alikubali kuwa amekosea, akauliza kama Namba Saba angeutetea pia mfereji wa kitabu cha tatu, ambao ukurasa wa 97 unapanda mlima. Felicitas aliusoma ukurasa ule mara nne. Alijibu kwamba mfereji haupandi, ila wahusika wamesimama mahali panapowafanya waone hivyo, na kwamba mwandishi amelisema jambo hilo ukurasa wa 99 kwa anayesoma bila haraka. Kumi na Tisa akaandika kuwa amesoma bila haraka, na kwamba ukurasa wa 99 ni mwandishi akijitoa kwenye matope. Miezi mitano ilipita hivyo.

Ndipo alipotaka kumjua. Alimuuliza Rahmo kama ni mwanamume au mwanamke.

"Ni namba, Mama Kagwiria."

"Wa hapa mjini?"

Rahmo alikuwa akilifunika jalada kwa karatasi ya nailoni, na hakuinua kichwa. Alimweleza kwamba Namba Nane na Namba Thelathini waliwahi kutafutana wakapatana, wakaenda kunywa chai pamoja. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja aliyetia karatasi kwenye kopo.

"Wameshajuana, wataandika nini tena?" akasema. "Ukimjua huyu wako, mimi nakosa karatasi zangu nzuri, na wewe unakosa mtu wa kugombana naye."

Felicitas alilipima neno hilo, akaliona ni kweli. Marehemu mumewe, Murungi, alikuwa akibishana kwa sauti kubwa lakini hakuwahi kutaja ukurasa. Kazini walimwogopa, kanisani wanamheshimu. Tangu astaafu, mtu pekee aliyembishia kwa ushahidi alikuwa huyo asiye na jina. Kumjua kungeweza kumkosesha mtu huyo. Lakini udadisi wa mkaguzi hauishi kwa barua ya kustaafu, na mwezi wa Oktoba ulimpa kitu cha kushika.

Karatasi moja ya Kumi na Tisa ilikuwa imebandikwa kwa ncha tu. Aliigeuza. Nyuma yake palikuwa na nusu ya jedwali lililochapwa: zamu za maji, mashamba ya migomba, mfereji wa pili, Mitunguu.

Watu aliowajua Mitunguu ambao wangeweza kuwa na karatasi kama hiyo walikuwa wawili. Alimpigia simu wa kwanza, Kiogora, aliyewahi kuwa karani kwenye mradi wa maji. Kiogora alisema hajafungua kitabu tangu amalize shule, akauliza kama Felicitas sasa anauza vitabu. Alibaki mtu mmoja, na Felicitas alikaa siku mbili kabla ya kukubali hesabu hiyo.

Alikuwa Riungu, mume wa binti yake Kagwiria, msimamizi wa mradi huo huo. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, Riungu hakuwahi kumpa Felicitas mkono. Felicitas akiingia kwao, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma. Wakikutana njiani, alikaa kando mpaka apite. Salamu zake zilifika kupitia kwa Kagwiria. Haukuwa ugomvi. Ndivyo muthoni, yaani mkwe, alivyomheshimu mama wa mke wake tangu zamani, na ingawa wengi mjini wameliacha jambo hilo, Riungu hakuliacha wala Felicitas hakumwomba aliache. Zaidi ya yote, mwanamume hafanyi mzaha na mama mkwe. Namba Kumi na Tisa alikuwa akimfanyia mzaha kila wiki.

Hesabu haikumtosha. Alitaka kipimo. Jumamosi alimpigia Kagwiria, wakazungumza habari za mvua, kisha akasema ameacha kusoma Posta ya Punda akiwa ameshamaliza cha nne.

"Naona huyo punda atakufa kwenye cha tano. Sisomi kitabu cha mnyama kufa."

"Mama, kwani huyo ni punda wa nani?"

"Nimesema sisomi."

Hakumwambia mtu mwingine, na hakuandika popote. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuweka jiwe safi zaidi ya hilo kwenye sahani ya mizani.

Ijumaa iliyofuata alienda Majengo. Rahmo alimpa kitabu cha tano kwa uso uliokunjwa, akasema mtu amevunja sharti la pili na alikuwa karibu kuichana hiyo karatasi. Amemsamehe kwa kuwa hajawahi kukosea kabla ya hapo. Felicitas alifungua jalada.

"Kwa Namba Saba. Punda hafi. Endelea."

Alirudi nyumbani na kitabu, akaketi sebuleni bila kukifungua. Mbele yake ilining'inia mizani ya shaba. Alikuwa ameitazama kwa dakika nzima ndipo alipokumbuka ni nani mwingine aliyewahi kuitazama hivyo. Siku wazee wa upande wa Riungu walipokuja kuzungumzia mahari, bwana harusi aliwekwa kwenye kigoda palepale. Mazungumzo yalichukua saa tatu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, mama mkwe akipita na kurudi, na kijana hakuwa na pa kuelekeza macho ila ukutani. Baadaye Kagwiria alisimulia akicheka kwamba mchumba wake ameisoma ile mizani mpaka ameikariri, pamoja na mwaka wake.

Basi mtu aliyeujua mwaka 1928 kwa moyo ndiye aliyeandika kwamba mizani ya aina hiyo haikuwako mwaka 1932.

Halikuwa kosa. Lilikuwa limewekwa hapo kwa ajili ya mtu mmoja tu, mtu ambaye akiona kosa la mizani hawezi kunyamaza. Felicitas alitafuta hasira ndani yake asiione. Alichokiona ni kwamba kazi ilifanywa kwa usahihi mkubwa. Mkwe wake alikuwa amemtafutia mahali pa kuzungumza pasipovunja heshima yoyote, kwa sababu namba hazina ukwe. Ila mahali hapo pangebaki hivyo kwa sharti moja: asijue kwamba Felicitas anajua. Akijua, tangu siku hiyo zitakuwa karatasi za mama mkwe, na Riungu atatoka kwa mlango wa nyuma kama kawaida.

Alimaliza cha tano kwa siku nne. Punda hakufa.

Alhamisi alikipeleka. Alipofika mlangoni kwa Rahmo aliona mgongo mpana umeinama kwenye rafu ya mwisho, ndani kabisa, na shati la mradi wa maji. Mlango ni mmoja. Angeingia, yule mtu hangekuwa na pa kupita wala pa kujificha. Felicitas aligeuka, akavuka barabara, akaingia kwa Jama.

"Madam Mizani," Jama akasema, kisu mkononi. "Ulistaafu ama tulidanganywa?"

"Lete jiwe la kilo mbili."

"Leo hata sijamwibia mtu."

"Lete, Jama."

Aliipa barabara mgongo, akaweka jiwe kwenye sahani. Mshale ulisimama pale unapotakiwa. Aliliondoa, akaliweka tena, kisha mara ya tatu. Jama alimtazama yeye, akatazama ng'ambo ya barabara, akamtazama tena.

"Ina kasoro?"

"Haina."

"Sasa tunangoja nini?"

"Itulie."

Nyuma yake viatu vilitoka dukani, vikasita, vikaenda. Mlango wa gari ukafungwa. Aliposikia gari limepinda kona, alimrudishia Jama jiwe lake, akamwambia aifute sahani, ina mafuta.

Rahmo alikuwa amesimama mlangoni, na bila shaka alikuwa ameona yote. Alimkabidhi kitabu cha sita, ambacho duka halikuwa nacho. Kimeletwa leo na mwenye nacho, akasema, na ameagiza Namba Saba akisome kwanza, kisha kibaki rafuni. Halafu akamsogezea kalamu na kipande cha karatasi. Kadi yake ilikuwa na wiki mbili za kuishi.

Felicitas aliketi kwenye stuli. Aliandika: "Kwa Namba Kumi na Tisa. Nakupendekezea Fundi Saa wa Maua, vitabu vinne. Ninyi watu wa migomba mtavipenda." Aliisoma, akaiona sentensi ya mwisho imezidi uzito. Aliichana, akaitia mkobani, akaomba nyingine.

Ya pili alichukua muda kuiandika. "Soma Fundi Saa wa Maua, vitabu vinne. Fundi huyo ana saa moja tu inayosema kweli, na ni ya mtu aliyekosana naye. Anza na cha kwanza. Nilicheka. Kosa ni moja: katika cha tatu, ukurasa wa 63, mgomba uliopandwa penye maji unakatwa mkungu baada ya mwaka mmoja. Sidhani inawezekana. Namba Saba."

Inawezekana. Kila mtu wa Mitunguu anajua, na yeye alijua pia. Katika maisha yake hakuwahi kutia sahihi chini ya kipimo alichojua ni cha uongo. Aliisoma mara ya mwisho, akahakikisha kwamba kosa limekaa palepale alipoliweka, akaitumbukiza kwenye kopo.