Tope la Kokuberwa

Tipa lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea ziwani, limejaa kifusi, Kokuberwa alipoliwahi. Hakupiga kelele. Aliingia kwenye tope la ufuko wa Pasiansi, akakaa chini nyuma ya magurudumu, kitenge chake kikizama topeni.

Dereva, kijana aitwaye Mashimba, akafunga breki na kuchungulia dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba unipishe, nimwage."

"Mwaga."

"Sasa nitamwagaje na wewe umekaa?"

"Hilo ni lako, mwanangu."

Nyuma yake zilikuwapo fremu za mbao zilizopangwa topeni kama matuta ya mchicha. Luhende, mtafiti kutoka chuoni, ndiye aliyezipanga. Tope la baadhi ya fremu alilitia nitrojeni, la nyingine fosforasi, la nyingine vyote viwili, na lililobaki akaliacha lilivyo. Alitaka kujua ni chakula kipi kinachopungua humo, ambacho kikipatikana tu, mwani mdogo usioonekana kwa macho huchachamaa na kulipaka ziwa kijani, na pengine kuyatia maji sumu. Alipotafuta mtu wa kulinda, Kokuberwa alikubali hata kabla hajamaliza kueleza.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita maji ya hapo yaligeuka kijani kama yamemwagiwa rangi. Mbuzi wa Sabina, jirani yake, walikunywa asubuhi. Jioni walikuwa wamekufa wote. Watu wakakumbuka kwamba Kokuberwa, mjane yule wa Kihaya, ndiye aliyekuwa akimwaga maji ya vyombo pale. Hakuna aliyemwita mchawi usoni. Waliacha tu kununua ndizi zake, na Sabina akaacha kuitikia salamu. Mwanawe alimsihi arudi kwao Muleba.

"Nikiondoka sasa," alimjibu, "nitakuwa nimekiri."

Chenge, mwenye kifusi, aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni upande wa juu, alishuka mbio, viatu mkononi.

"Mama, unataka kufia tope?"

"Kama ni tope tu, mbona unahangaika kulifukia?"

Chenge akampigia Luhende, akaiweka simu sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama, toka hapo, nakuomba," Luhende alisema. "Tutaanza upya kwingine. Tope lipo ziwa zima. Maisha yako ni mamoja."

"Na jina langu ni moja, mwanangu. Huko kwingine halikuchafuka."

Chenge akakata simu. "Mwaga!"

Mashimba alisogeza gari pembeni kidogo, akainua bodi ya nyuma yenye mzigo. Matofali yaliyovunjika yakaporomoka kwa kishindo, yakazifunika fremu za juu. Kipande kimoja kikabingirika, kikamchana Kokuberwa kwenye kifundo cha mguu. Alifumba macho. Hakuondoka.

Bodi ikashuka ghafla, nusu ya mzigo ikiwa bado imo.

"Bosi, mimi siui mtu," Mashimba alisema, akaondoa gari.

"Kesho naleta dereva mwingine!"

"Atanikuta," Kokuberwa alisema.

Chenge alipoondoka, Kokuberwa alijifunga mguu kwa kipande alichorarua kwenye kitenge, akaanza kuondoa matofali moja moja. Fremu mbili zilikuwa zimesagika. Aliziacha, akaenda kwa zile zilizopona. Alipoinua kichwa, Sabina alikuwa amesimama ukingoni na ndoo tupu. Hakusalimia.

"Hiyo ya mwisho," Sabina alisema, "mbona ya kijani kuliko zote?"

"Ilitiwa vyote viwili."

"Vyote vipi?"

"Vile vilivyomo kwenye mbolea. Na kwenye vinyesi. Mvua ikinyesha, vinashuka."

Sabina alichutama, akachovya kidole kwenye utando wa kijani, akaunusa. Kisha akageuka taratibu, akautazama mtaro ulioteremka kati ya nyumba hadi ziwani, ukipita nyuma ya zizi lake, nyuma ya vyoo, nyuma ya msingi mpya wa Chenge. Aliutazama kwa muda mrefu, kidole chake bado kikiwa hewani, kikidondosha maji.