Sanduku la Maren na Mkaguzi wa Zimamoto

Mimi si mtu wa kupiga watoto wa watu, lakini Jumatano ile nilitamani kumzaba Maren Tollefson kibao cha nguvu, na ninampenda kama niliyemzaa. Subirini nieleze ndipo mnihukumu.

Maren alikuwa na miaka ishirini, mmoja wa wale wasichana wanaoandika kwenye daftari hata saa ya kunywa maji. Ndiye aliyeanzisha tawi la chama chao cha kina dada, wasichana wanaokaa nyumba moja na kuapa kiapo cha siri, hapa chuoni kwetu, Nebraska. Mwaka mzima alisimama na meza yake ya kukunja mbele ya maktaba, theluji ikimpiga usoni, akigawa pipi na kuwauliza wasichana waliopita, "Habari, dada, ungependa kuanza kitu na sisi?" Wengi walimpita kama nguzo ya umeme. Hakukoma. Kufika mwisho wa Julai alikuwa amewapata ishirini na sita, makao makuu ya chama kule Indianapolis yamekubali, na chuo kimewapa nyumba Mtaa wa Orchard: ghorofa mbili za matofali mekundu, zilizokaa tupu miaka tisa tangu chama kingine kifungiwe kwa mambo ambayo sitayataja mbele za watu.

Nyumba ya chama haikosi mama wa nyumba, mtu mzima wa kukaa na wasichana, kuangalia jiko na kukemea. Huyo ndiye mimi, Arlene Kubicek, mjane, miaka sitini na mbili. Wasichana wananiita Mama Kubi.

Chuo kilitoa sharti moja tu. Nyumba ipite ukaguzi wa zimamoto kabla ya saa kumi jioni siku ya Alhamisi, maana wanafunzi wanahamia Ijumaa. Isipopita, inapewa timu ya mieleka, ambayo ilikuwa ikiimezea mate tangu Juni. Na hapo ndipo roho zetu zilipokuwa mkononi, kwa sababu wale wasichana ishirini na sita walikuwa wameshaachia vyumba vyao vya bweni. Waliviachia kwa kuwa Maren aliwaambia mmoja mmoja, macho kwa macho, "Utakuwa na kitanda. Nakuahidi." Mabweni yalikuwa yamejaa pomoni. Nyumba ikikosekana, hawana pa kulala.

Basi Jumatano saa nne asubuhi akaja mkaguzi, Bwana Duane Sorley, mrefu, mkimya, kalamu nyuma ya sikio. Tulikuwa tumesugua nyumba ile wiki mbili mpaka magoti yanalia. Akapanda juu, akashuka, akabonyeza kila king'ora cha moshi hadi masikio yakaziba. Kila chumba aliitikia kwa kichwa na kuandika. Nikamletea sahani ya kolache, vile vimkate vyetu vya jamu ya plamu, nilivyovitoa kwenye oveni muda ule ule.

"Baadaye, mama," akasema. "Nikiwa kazini sili."

Nikajisemea moyoni, Arlene, tumefika. Sikujua tumefika wapi. Tukashuka chini ya nyumba, kwenye vyumba vya ardhini, na mwisho wa korido kulikuwa na mlango mmoja wenye kufuli.

"Na hiki?" akauliza.

"Hicho ni chumba cha kiapo," Maren akasema. "Samahani sana, Bwana Sorley. Hakiingiwi."

"Hakiingiwi na nani?"

"Na mtu yeyote ambaye hajaapishwa."

"Binti, mimi sitaki kuapishwa. Nataka kuona king'ora na dirisha, dakika mbili, basi."

"Nimeahidi," Maren akasema. Akasimama mbele ya ule mlango, mikono kifuani. Mtoto mwenyewe hata begani kwa yule bwana hafiki.

Bwana Sorley alimtazama, akanitazama mimi, akapanda ngazi. Kwenye mlango wa mbele akabandika karatasi nyekundu: HAIJAPITA. "Kesho saa tisa na nusu nitapita tena, na ni mara ya mwisho," akasema. "Nikikuta pamefunguliwa, nitaingia. Nikikuta pamefungwa, nakwenda zangu."

Alipoondoka tu nikawaka.

"Wewe mtoto una akili timamu? Mmeficha nini mle ndani, maiti?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Mama Kubi! Hakuna anayejua. Hatujaapishwa bado, tunaapishwa Oktoba. Mjumbe wa makao makuu alileta sanduku, akaliweka mle, akanipa ufunguo wa chumba, akasema asiyeapishwa asione. Nikafunga. Hata mimi sijaingia tena."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, na hakikuwa kicheko cha furaha. Jamani! Msichana analinda siri asiyoijua, dhidi ya mtu asiyeitaka, na wenzake wote walale barabarani kwa ajili hiyo!

"Cheka tu," akasema, machozi yakimlengalenga. "Lakini hilo ni jambo la kwanza kabisa chama kuniamini nalo. Nikilivunja kabla hata sijaapa, kiapo chenyewe kitakuwa na maana gani?"

Nilikuwa na hasira bado, ila nilimwelewa. Huku aliahidi vitanda, kule akaahidi mlango, na ahadi zote mbili alitaka kuzitimiza kwa moyo wake wote.

Tukapiga simu Indianapolis. Mama mmoja mwenye sauti ya asali akatwambia kamati inayohusika inakaa Jumanne.

"Jumanne!" nikasema. "Watoto wanahamia keshokutwa!"

"Naelewa, mpenzi."

Nikamwambia asiniite mpenzi, hatujawahi hata kunywa kahawa pamoja. Maren akaninyang'anya simu. Yeye, kwa adabu zake, akauliza kama kuna mwanachama yeyote aliyeapishwa anayeishi karibu nasi. Mama wa asali akapekua kompyuta yake. Alikuwepo mmoja tu: Verna Holtzclaw, aliapishwa Kansas mwaka 1958, anaishi kwenye nyumba ya wazee nyuma ya kituo cha mafuta. Siku zote hizo alikuwa hapo hapo, mwendo wa dakika saba kwa gari.

Wakasema wageni hawaruhusiwi kabla ya saa nane mchana. Alhamisi saa nane kamili tulikuwa mlangoni. Bibi Verna alikuwa na miaka themanini na sita, midomo imepakwa rangi nyekundu kwelikweli, anacheza karata na wazee watatu.

"Mmenikuta na karata nzuri kwa mara ya kwanza tangu Pasaka," akasema. "Semeni haraka."

Maren akaeleza. Alieleza vizuri, sauti ikitetemeka kidogo tu alipofika kwenye vitanda. Bibi Verna akaweka karata mezani, uso chini.

"Nani alikwambia ufunge chumba?"

"Niliambiwa asiyeapishwa asione, bibi."

"Asione kilicho sandukuni, mtoto wangu. Kule kwetu Kansas fundi wa bomba alikuwa akiingia chumba kile kila baridi. Tulikuwa tunafunika sanduku, mmoja wetu anakaa nalo, fundi anafanya kazi yake. Hakuna aliyekufa." Akamgeukia mzee wa pembeni. "Floyd, usiziguse karata zangu. Nakujua." Akavuta kigari chake cha kutembelea. "Haya, twendeni. Na siri nyingine, mle ndani ndimo tulimokuwa tukijificha kuvuta sigara."

Maren alivuta pumzi kana kwamba amemwagiwa maji ya barafu. Mimi nikampenda yule bibi papo hapo.

Kushuka ngazi za kwenda vyumba vyetu vya ardhini ilikuwa kazi. Mimi nilitangulia kinyumenyume, mikono nimeinyoosha, Maren nyuma ameshika mshipi wa sketi ya bibi, na bibi katikati anatutukana kwa upole kwamba tunamshusha kama piano. Saa tisa na robo tukafika kwenye kufuli. Bibi akachukua ufunguo, akaingia peke yake, akafunga.

Tukangoja. Dakika tano, kimya.

"Ameanguka?" Maren akaninong'oneza.

Mara tukasikia wimbo. Sauti nyembamba, ya kizee, inapanda na kushuka taratibu, mtu anakumbuka neno moja baada ya jingine. Maren akaziba masikio kwa viganja vyote viwili na kugeukia ukuta, asije akaisikia siri kabla ya Oktoba. Sikumcheka. Mimi niliyasikia maneno yale, na sitawaambia, ila nilijifuta macho kwa aproni.

Mlango ukafunguliwa. Sanduku lilikuwa katikati ya chumba, limefunikwa kwa sweta la bibi, na bibi mwenyewe ameketi juu yake.

"Mleteni huyo mtu wa moto," akasema. "Akitaka kuona kilichomo, aninyanyue kwanza."

Bwana Sorley alikuja saa tisa na nusu kama alivyosema. Alivua kofia kwa heshima ya bibi. Akabonyeza king'ora, kikalia. Akaenda kwenye dirisha dogo lililo juu, usawa wa nyasi za nje. Akalisukuma. Halikutikisika. Akapitisha kucha kwenye fremu.

"Limepakwa rangi likiwa limefungwa," akasema. "Tena mara tatu au nne. Huwa mnafanya nini humu?"

Maren akamtazama bibi. Bibi akatazama dari.

"Tuseme," bibi akasema, "kunakuwa na mishumaa."

"Watu wangapi?"

"Wote."

Bwana Sorley hakupandisha sauti, wala hakuandika kitu. "Wasichana ishirini na saba, na huyu akiwemo," akasema, "kila mmoja na mshumaa wake. Mlango mmoja. Dirisha halifunguki."

Nilimwona Maren anavyobadilika rangi. Jana alisimama mbele ya mlango huo akidhani anawalinda dada zake, na sasa kaelewa alikuwa analinda nini. Akashika ukuta.

"Usianze kuzimia, hatuna muda!" nikamwambia. "Bwana Sorley, saa ngapi?"

"Kumi kasoro ishirini na tatu."

"Tukilifungua kabla ya saa kumi?"

"Lililofunguka limefunguka. Ila mimi siruhusiwi kugusa." Akakunja mikono, akaanza kuangalia kiatu chake. "Wapo watu," akakiambia kiatu, "huwa wanapitisha kisu pande zote nne kwanza, ndani ya ufa. Halafu wanagonga fremu kwa kiganja, pole pole, kuzunguka. Wakitumia nyundo, kioo kinavunjika, na hapo sasa kazi imeharibika."

Nilipanda ngazi zile kana kwamba magoti hayaniumi. Nikarudi na kisu changu cha mboga, kile ambacho simwachii mtu kukigusa. Maren akapanda kwenye kiti, akakata. Rangi ilidondoka kwenye nywele zake vipande vipande. Akagonga, akagonga, kiganja kikawa chekundu. Nikapanda kiti kingine, tukagonga wawili.

"Chini kulia," Bwana Sorley akakiambia kiatu.

"Sukumeni kama mnasukuma gari!" bibi akapiga kelele kutoka kwenye sanduku lake.

Tukasukuma. Likalia kwa mlio wa ajabu, likafunguka kwa mkupuo mmoja hadi nusura Maren atoke nalo nje. Hewa ikaingia, na harufu ya nyasi zilizokatwa. Lo, Mungu wangu wee! Nilimkumbatia mtoto yule juu ya viti, tukayumba wote wawili, nikawa nalia na kucheka kwa pamoja.

Saa kumi kasoro dakika sita Bwana Sorley aliandika. Akapanda, akabandua ile nyekundu, akabandika ya kijani. Maren alimfuata mpaka kwenye baraza.

"Jana ungenionea huruma," akamwambia, "ukatupitisha tu, Oktoba tungekuwa..."

"Huwa sionei huruma," akasema. Kisha akaniuliza kama ule mwaliko bado upo. Alikula kolache saba. Nilizihesabu, na ningempa nyingine saba.

Ijumaa asubuhi mtaa ulijaa magari. Akina baba na magodoro vichwani, akina mama na mashuka, wasichana wanapiga mayowe na kukumbatiana kana kwamba walipoteana vitani. Maren alisimama mlangoni na daftari lake, akiita jina na kutoa ufunguo. Nilikaa karibu yake na jagi la chai ya barafu nikimtazama, moyo mweupe kabisa. Jina, ufunguo. Jina, ufunguo. Wa mwisho alikuwa Josie Ambriz, mdogo wa mwili, aliyejiunga Julai mwishoni, mtu ambaye hakufuatana na mzazi hata mmoja. Akapewa ufunguo wake, akaubusu, akakimbia juu.

Maren akafunga daftari. Sahani ya funguo ilikuwa tupu.

"Wewe unalala chumba namba ngapi?" nikamwuliza.

"Mimi? Nitaona."

Nikamnyang'anya daftari. Vitanda ishirini na sita, majina ishirini na sita. Kwenye kitanda cha mwisho palikuwa na jina lake, kwa wino, likakatwa kwa mstari mmoja mnyoofu, na juu yake limeandikwa Josie.

"Tangu Julai?" nikasema. "Tangu Julai unajua huna kitanda, na umekaa kimya?"

"Josie hakuwa na pa kwenda, Mama Kubi. Mimi nina gari, siti yake ya nyuma ni nzuri sana, na baadaye nita..."

"Funga mdomo huo! Siti ya nyuma! Nyumba umeileta wewe halafu ulale kwenye gari nje yake kama mwizi?" Nilikuwa nafoka hadi wazazi wakageuka. "Mimi nina vyumba viwili na mume sina. Beba begi lako."

"Lakini kanuni zinasema mama wa nyumba..."

"Begi, Maren."

Akalibeba. Nilimtandikia kwenye kochi la sebule yangu, lile linalofunguka kuwa kitanda, nikaenda kumtafutia mto. Niliporudi alikuwa ameshalala, saa sita mchana, viatu miguuni, mdomo wazi, na vipande vya rangi bado kwenye nywele. Nilimvua viatu. Nikamfunika, nikafunga mlango taratibu, nikatoka kwenda kuwakemea wanaokimbia kwenye ngazi.