Ndoo ya Terry

Kila nikiruka tairi kuukuu na ubao wangu wa skeiti pale yadi ya malori Malaba, mpakani na Uganda, nilikuwa naangukia matako. Okwi, anayenifundisha, alishachoka kucheka.

"Terry, unainama kuangalia miguu. Ukibeba maji unaangalianga miguu? Kunja magoti, kichwa juu, kama una ndoo."

Iliniudhi, maana alisema kweli. Nikajitwika ndoo ya mawazo, imejaa pomoni, nikashika kasi, nikaruka lile tairi kuukuu. Nikatua wima, bila tone kumwagika. Madereva wakapiga honi.

Nami kwa mazoea nikashuka, nikainama, nikaiweka ndoo yangu chini taratibu kwa mikono miwili. Skeiti ikaendelea na safari, ikapita foleni yote ya malori, ikaingia Uganda bila kuulizwa chochote.