Gundi Inayojua Kuachia

Mambo yaliharibika Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, pale mke wa fundi fidla alipoweka mwiko chini na kusema kifua kinambana. Alikuwa anapika gundi. Waligawana kazi hivyo tangu walipooana: mume achonge, mke apike gundi, maana gundi ya ngozi ina tabia za mtoto mchanga. Ukiichemsha imeharibika, ukiiacha ipoe imeganda. Fundi akapiga simu hospitali kuomba gari la wagonjwa. Akajibiwa lipo kazini.

"Kazi gani?"

"Kazi za serikali," akaambiwa, simu ikakatwa.

Mke alikaa kwenye kigoda akingoja. "Usiiache ichemke," akasema, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Fundi alimlaza, akamfunika, kisha akaenda kupunguza moto, kwa sababu alikuwa ameagizwa.

Gundi ile ilimiminwa kwenye sinia, ikakauka, ikakatwa vipande na kutiwa kwenye mkebe.

Wengi hudhani gundi nzuri ni ile isiyoachia kabisa. Waliotengeneza fidla za kwanza, karne nne na ushee zilizopita, walijua zaidi. Ubao wa mbele wa fidla ni mwembamba, nao hutanuka na kusinyaa kama tumbo la binadamu. Hali ya hewa ikibadilika, lazima kitu kimoja kikubali kushindwa, na afadhali iwe gundi kuliko ubao. Fidla ikiachia ubavuni unaifungua kwa kisu butu, unaitibu, unaibandika tena. Ndiyo maana zipo fidla zilizowazika wafalme na bado zinapigwa. Ile iliyobandikwa kwa gundi ya dukani, isiyokubali kushindwa, hupasuka mara moja tu, ikawa kuni.

Gundi ya marehemu ilikuwa na sababu yake nyingine ya kuachia. Jambo hili lilijulikana muda mfupi baada ya mazishi, fundi alipobandika miguu ya kile kigoda. Shemeji yake, kinyozi wa mlango wa pili, alikikalia akasema, "Mimi sigara niliacha zamani." Miguu ikatoka yote kwa pamoja, polepole, bila kupasuka popote.

"Mbili kwa siku," kinyozi akasema akiwa sakafuni.

"Sema vizuri, shemeji."

"Nne." Akainuka akijipangusa suruali. "Dada yangu huyu. Hata kufa hakumzuii kunisema."

Hakuna aliyeona ajabu. Marehemu aliwahi kusimama katikati ya harusi ya watu kumsahihisha bwana harusi umri wake. Mtaa ukaizoea gundi upesi. Mama mmoja alikiazima kigoda kila mchumba wa binti yake alipokuja kujitambulisha. Wengi walianguka. Mmoja alikiri kwamba hana kazi na anakoroma, akiwa bado amekaa, akaozwa. Muuza nyama alikizunguka kigoda, akakitazama, akaamua kwamba biashara yake huzungumzwa vizuri zaidi mtu akiwa amesimama.

Kisha katibu wa halmashauri akaleta mkokoteni wa viti vya ukumbini, miguu imelegea. Fundi hakupenda kazi za wakubwa, lakini viti havina kosa. Akavibandika kwa gundi iliyokuwepo, akaviacha vikauke. Katibu aliporudi alikalia kimoja kukijaribu.

"Hivi viliharibikaje?" fundi akauliza.

"Vimechakaa tu, palepale ukumbini."

Kiti kikamtua chini. Fundi akamsogezea kingine.

"Basi, vilitikiswa njiani. Kwenye lori."

Nacho kikaachia. Cha tatu katibu alikikalia kwa adabu, kama mtu anayepanda mzani.

"Vilikuwa vinapelekwa harusini, kwa binti wa mwenyekiti," akasema. Kiti kikatulia. "Kwa gari." Kikatulia.

"Gari gani, ndugu katibu?"

Katibu akatazama mlango. "La wagonjwa," akasema, na kiti kilikuwa imara kama mwamba.

"Siku gani?"

"Alhamisi ile."

Fundi akaokota miguu ya viti vilivyoachia, akaanza kuibandika upya, kila mmoja mahali pake. "Nani alilituma?" akauliza bila kuinua kichwa.

Katibu alisimama kwanza, ndipo akajibu. "Sijui."

Viti vikarudi ukumbini, na kwenye kikao cha wazi cha halmashauri fundi alinyoosha mkono, akauliza swali lilelile. Mkuu wa afya alisema siku hiyo gari lilikuwa gereji, akaenda chini na mafaili yake. Diwani mmoja akasema wao madiwani hawakuwa na habari, akamfuata. Mwenyekiti akasafisha koo. "Halmashauri hii inawajali sana wananchi," akaanza, na sentensi akaimalizia sakafuni. Hakuna aliyeumia, maana gundi ile ilikuwa na ubinadamu. Kinyozi alicheka mpaka akashikwa mabega asije akaanguka yeye pia, naye alikuwa amekaa kwenye saruji.

Mtaa ulikuwa umeomba gari la pili la wagonjwa miaka nenda rudi, ukaambiwa mchakato unaendelea. Viti vya plastiki vilifika wiki hiyohiyo. Plastiki haina gundi. Wakubwa walivikalia, wakasema uongo kwa raha mpaka saa ya chakula, na vile vya mbao vikarudishwa kwa fundi kama kuni.

Ndani ya mkebe palibaki gundi ya kufungia fidla moja. Fidla hiyo ilikuwa ya binti yao, ikingoja kubandikwa ubao wa mbele tangu ile Alhamisi.

"Baba, ukiifunga kwa gundi ya mama, itafunguka kila nikiipeleka penye waongo."

"Tutaibandika tena."

"Na gundi ikiisha?"

"Utapika. Ulikuwa unamtazama mama yako, au ulikuwa unatazama dirishani?"

"Dirishani," binti akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, nacho hakikutikisika. Wote wawili wakacheka, kisha baba akawasha moto mdogo, na binti akashika mwiko.

Siku hizi vikao hufunguliwa kwa muziki, watu wenyewe wameomba. Binti hupiga fidla mpaka ukumbi wote unagonga miguu, na mwenyekiti akisimama kuhutubia, yeye huirudisha kwenye kasha na kutoka nayo nje, kuinusuru mbavu. Ndipo baba yake huingia na kiti kimoja cha mbao. Hukiweka mbele ya meza kuu, akakipangusa kwa kitambaa.

"Mheshimiwa, karibu ukae."

"Asante, fundi. Hapa nilipo panatosha."

"Haya." Fundi hugeuka kuwatazama watu, nao humsaidia kuuliza, ukumbi mzima kwa sauti moja, watoto mpaka vikongwe, kinyozi akiongoza kwa kitana: nani alilituma gari la wagonjwa likabebe viti?